Jogoo la Shamba Lililowika Mjini: Maisha na Utunzi wa Mbaraka Mwinshehe

1.0 Utangulizi

Wimbo wa dansi hutajwa mara kwa mara kuwa ni tawi la fasihi simulizi ya mjini, lakini ni nadra kuchambuliwa kwa makini yale yale yanayotumika katika kuchambua utenzi au shairi la gazetini. Hata pale unapochambuliwa, utaratibu uliozoeleka ni kuyanakili maneno yake karatasini, kuyapanga katika beti na mistari, kisha kuyasaka maudhui. Muziki wenyewe huachwa nje kana kwamba ni chombo tu kilichobebea ujumbe.

Makala haya yanakusudia kuonyesha upungufu wa njia hiyo kwa kuchunguza maisha na kazi za Mbaraka Mwinshehe Mwaruka (1944-1979), mtunzi, mwimbaji na mpiga gitaa wa Morogoro, ambaye nyimbo zake zimo miongoni mwa zile ziitwazo "zilipendwa", yaani nyimbo za dansi za zamani ambazo watu hawajaacha kuzipenda. Hoja inayojengwa ni kwamba katika kazi za Mbaraka maneno na gitaa ni utungo mmoja. Atakayesoma maneno peke yake atakuwa amesoma nusu ya kazi, tena pengine nusu iliyo nyepesi. Hoja hiyo inadai pia kwamba maisha ya mtunzi, mji uliomlea na vyombo vilivyoisambaza sauti yake vitazamwe pamoja, kwa kuwa vyote vilishiriki katika kuliunda umbo la nyimbo zake.

2.0 Usuli: Dansi na Mji wa Morogoro

Muziki wa dansi wa Tanzania haukuzuka ghafla. Kabla yake kulikuwa na ngoma ya beni, ambayo ilianza katika miji ya pwani kwa kuiga bendi na gwaride za kijeshi, ikaenea hadi bara hasa baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Beni ilijenga mazoea mawili yaliyorithiwa na dansi. Kwanza, ilikuwa ngoma ya chama chenye viongozi, wanachama na ada. Pili, ilikuwa ngoma ya mashindano, ambapo kila chama kilijitahidi kukishinda kingine kwa mavazi, kwa upigaji na kwa utunzi wa nyimbo za kuwasema wapinzani.

Kufikia miaka ya 1930 palikwisha kuwa na bendi zilizopiga ala za kisasa. Dar es Salaam Jazz Band ilianzishwa mwaka 1932. Neno "jazz" katika majina ya bendi hizi halikumaanisha jazi ya Wamarekani Weusi. Lilikuwa jina la heshima la kikundi chochote kinachopiga ala za aina hiyo. Ladha iliyotawala ilitoka Kuba kwa njia ya santuri zilizouzwa Afrika Mashariki tangu miaka hiyo, na baadaye ikatoka Kongo, ambako ladha hiyo hiyo ya Kuba ilikuwa imekwisha kugeuzwa kuwa muziki wa magitaa.

Morogoro ilikuwa na sifa za pekee katika mazingira hayo. Mji huo uko kilometa zipatazo 190 kutoka Dar es Salaam, na reli ya kati iliufikia mwaka 1907. Mashamba ya mkonge yaliyouzunguka yalikusanya vibarua kutoka sehemu nyingi za nchi. Watu wa lugha mbalimbali walikutana na kulazimika kuzungumza Kiswahili, wakawa na mshahara mdogo wa kila mwezi na hamu ya kujiburudisha mwisho wa mwezi. Hadhira ya namna hiyo haikuweza kuimbiwa kwa lugha ya kabila moja, wala haikuwa na muda na Kiswahili cha mafumbo ya washairi wa pwani. Ilihitaji Kiswahili chepesi, kinachoeleweka mara moja na mtu aliyejifunza lugha hiyo kazini.

Ni katika mji huu ambapo Morogoro Jazz ilianzishwa mwaka 1944, na Salum Abdallah akaanzisha mwaka 1948 bendi ya La Paloma, ambayo baadaye ilijulikana kwa jina la Cuban Marimba. Ushindani wa bendi hizi mbili uliufanya mji wa mkoani uwe na sauti katika nchi nzima. Wahenga walisema jogoo la shamba haliwiki mjini. Katika historia ya dansi, Morogoro iliukanusha usemi huo mara mbili: kwanza kwa Salum Abdallah, kisha kwa Mbaraka Mwinshehe, ambaye miongoni mwa nyimbo zake umo ule uitwao "Jogoo la Shamba".

3.0 Maisha kwa Ufupi

Mbaraka Mwinshehe alizaliwa mwaka 1944, mwaka ule ule ilipoanzishwa bendi ambayo angeipatia sifa. Alijiunga na Morogoro Jazz mwaka 1965. Mwaka huo huo Salum Abdallah alifariki kutokana na ajali ya gari, na uongozi wa Cuban Marimba ukaangukia kwa Juma Kilaza. Hivyo basi mji uliompoteza mtunzi wake mkubwa ulimpata mwingine papo hapo, na ushindani wa zamani uliendelea kwa majina mapya.

Ndani ya miaka michache Mbaraka alikuwa nguzo ya bendi kwa pande zote tatu: alitunga, aliongoza uimbaji na alipiga gitaa la solo. Mwaka 1970 Morogoro Jazz ilikwenda Osaka, Japani, kupiga muziki katika maonyesho ya dunia ya Expo 70. Safari hiyo ilizaa wimbo wenye jina la maonyesho hayo. Kwa bendi iliyotoka katika mji wa mkoani, kuiwakilisha nchi nje ya bara la Afrika kulikuwa kuthibitishwa rasmi kwa jambo ambalo wacheza dansi walikwisha kulijua.

Mwaka 1973 Mbaraka aliihama Morogoro Jazz, akaunda bendi yake, Super Volcano. Uzito wa hatua hiyo unaeleweka vizuri ikikumbukwa jinsi bendi za dansi zilivyomilikiwa. Nyingi zilikuwa mali ya vyama, mashirika, majeshi au wafadhili. NUTA Jazz, iliyoundwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, ni mfano mmoja. Ala zilikuwa za mwenye bendi, na mwanamuziki alipoondoka aliondoka na vidole na koo lake tu. Hata mtindo, yaani jina la mdundo ambalo kila bendi ilijitambulisha kwalo, ulibaki nyumbani. NUTA walijulikana kwa Msondo, Western Jazz kwa Saboso, na Morogoro Jazz ya Mbaraka kwa Likembe. Kwa kuanzisha Super Volcano na mtindo wake wa Masika, Mbaraka alikuwa akithibitisha kwamba utambulisho wa nyimbo ulikuwa kwa mtunzi mwenyewe kuliko kwa chama kilichomiliki ala.

Uhuru huo ulidumu kwa takriban miaka sita tu. Januari 1979, akiwa Mombasa, Kenya, alipata ajali ya gari iliyosababisha kifo chake. Alikuwa na umri wa miaka 34. Kama ilivyokuwa kwa Salum Abdallah miaka kumi na minne kabla yake, barabara, ambayo ndiyo iliyokuwa njia ya riziki ya mwanamuziki wa dansi, ndiyo iliyomwondoa.

4.0 Utunzi

4.1 Maneno na dhamira

Majina ya nyimbo za Mbaraka peke yake yanatosha kuonyesha upana wa dhamira zake. "Pesa No. 1" na "Shida" yanagusa maisha ya mtu asiye na kitu katika mji ambao kila kitu kinanunuliwa. "Choyo Uache" ni onyo linalotolewa kwa mtu wa karibu. "Regina" ni jina la mwanamke. "Dr. Kleruu" unamhusu Wilbert Kleruu, mkuu wa Mkoa wa Iringa, aliyeuawa kwa risasi huko Isimani tarehe 25 Desemba 1971 na mkulima Said Mwamwindi, wakati siasa ya vijiji vya ujamaa ilipokuwa ikigongana na maslahi ya wakulima wakubwa wa mahindi.

Wimbo huu wa mwisho unastahili kuzingatiwa kwa sababu unaonyesha kazi ambayo dansi iliifanya katika jamii. Tangu Azimio la Arusha la mwaka 1967, washairi walikuwa wamejitokeza kuieleza siasa mpya kwa mashairi na kwa ngonjera za Mathias Mnyampala na wafuasi wake. Ngonjera ilihitaji jukwaa, wanafunzi waliokariri na mgeni rasmi. Wimbo wa dansi haukuhitaji lolote kati ya hayo. Tukio lililoitikisa nchi liliingizwa katika wimbo, likafika ukumbini na redioni, likaombolezwa na watu waliokuwa wakicheza. Anayeona kwamba kuna kinyume katika jambo hilo hana budi kukumbuka kwamba katika mila nyingi za Kiafrika msiba nao una ngoma yake, na kwamba kucheza si lazima kuwe kushangilia.

Kwa upande wa lugha, Mbaraka alitumia Kiswahili cha mazungumzo. Msemaji katika nyimbo za namna hii kwa kawaida hana cheo cha mshairi anayewahutubia watu kutoka juu. Ni mtu anayezungumza na mpenzi, na ndugu au na rafiki. Anaonya, analalamika, anaomba. Msikilizaji huwekwa katika nafasi ya mtu anayesikia mazungumzo ya jirani kupitia ukutani. Haambiwi yeye moja kwa moja, na kwa hiyo huweza kulipokea onyo bila kuvunjiwa heshima. Huu ni ufundi wa zamani katika utamaduni wa Waswahili, ambako khanga na taarabu hutumika kumwambia mtu jambo bila kumtaja. Tofauti ni kwamba taarabu huficha maana katika mafumbo, ilhali dansi huiweka maana wazi na kumficha mlengwa.

4.2 Umbo

Miaka ambayo Mbaraka alikuwa katika kilele chake ndiyo miaka ya mgogoro mkubwa wa ushairi wa Kiswahili. Sheria za utunzi zilizoandikwa na Kaluta Amri Abedi mwaka 1954 zilikuwa zimeuweka urari wa vina na mizani kuwa sharti la shairi. Euphrase Kezilahabi alilipinga sharti hilo kwa vitendo katika Kichomi (1974), na mwaka 1979, mwaka alioaga dunia Mbaraka, M. M. Mulokozi na K. K. Kahigi walichapisha Kunga za Ushairi na Diwani Yetu. Pande zote mbili za mgogoro zilibishana juu ya shairi lililoandikwa. Wakati huo huo maelfu ya watu walikuwa wakiimba kila siku tungo ambazo hazikuwa na mizani iliyolingana wala vina vya lazima, na hakuna aliyelalamika kwamba zilikuwa na kasoro.

Sababu ni kwamba wimbo wa dansi una kanuni nyingine. Urefu wa mstari hupimwa kwa pumzi ya mwimbaji na kwa mzunguko wa magitaa, si kwa idadi ya silabi. Silabi ya mwisho inaweza kuvutwa hadi ijaze nafasi iliyobaki, na mstari mfupi hukamilishwa na gitaa. Kazi ya kina, yaani kumwashiria msikilizaji kwamba mstari umefika mwisho, hufanywa na kurejea kwa wendo ule ule wa sauti. Kwa hiyo si sahihi kusema kwamba wimbo huu hauna urari. Urari upo, ila umo katika sauti ambayo karatasi haiwezi kuionyesha. Anayeyanakili maneno na kuyahukumu kwa kanuni za shairi la kimapokeo, au anayeyasifu kuwa ni "shairi huru", amekosea kwa namna moja: wote wawili wanakipima kitu baada ya kukiondolea kipimo chake.

4.3 Gitaa kama msemaji

Wimbo wa dansi wa kipindi hicho kwa kawaida una sehemu mbili. Ya kwanza ni ya taratibu. Gitaa la solo hufungua, mwimbaji huingia na beti, waitikiaji hupokea, na tumba na gitaa la besi hushikilia mwendo. Ya pili ni ile waliyoiita chemko. Mwendo huongezeka, maneno hupungua hadi kubakia kiitikio kifupi au majina yanayoitwa, na magitaa hutawala. Jina lenyewe linaeleza: kilichokuwa kikipashwa moto sasa kinachemka.

Katika sehemu ya kwanza, gitaa la Mbaraka hufanya kazi ya mwitikiaji. Mwishoni mwa mstari ulioimbwa, gitaa hujibu kwa kifungu kifupi, mara likirudia sauti za mwimbaji, mara likizigeuza kidogo. Kwa kuwa mwimbaji na mpiga gitaa ni mtu mmoja, majibizano hayo ni ya mtu na nafsi yake. Malalamiko yanayotamkwa kwa maneno machache hupata uzito kwa sababu gitaa linayakubali na kuyaendeleza.

Katika chemko mambo hugeuka. Gitaa la solo halisubiri tena mwisho wa mstari; hushika kifungu kimoja kifupi, hukirudia, hubadilisha sauti moja au mbili, hukirudia tena. Gitaa la ridhimu hujaza nafasi zilizo katikati, na mchezaji huingia katika mzunguko ambao hauna haraka ya kwisha. Mtu aliyekuwa akisikiliza habari za ufukara au kifo sasa anazicheza. Hapo ndipo ulipo moyo wa utunzi huu. Beti huitaja shida. Chemko huwaonyesha watu wakiwa pamoja katikati ya shida hiyo, wakiwa wima. Mhakiki aliyeishia kwenye maneno ataandika kwamba wimbo una mtazamo wa kukata tamaa. Mchezaji aliyeusikia wote anajua kwamba haukuishia hapo.

5.0 Santuri, Redio na Mpaka

Umbo hilo la sehemu mbili lilipatana na chombo kilichosambaza nyimbo. Santuri ndogo ya mizunguko 45 ilibeba dakika tatu hadi nne hivi kila upande. Wimbo mrefu uligawanywa, sehemu ya kwanza upande mmoja na ya pili upande wa nyuma. Mara nyingi maneno yalikuwa upande wa kwanza na chemko upande wa pili. Aliyeinunua santuri alilazimika kuinuka na kuigeuza. Katika ukumbi wa dansi hapakuwa na mpaka huo: bendi iliweza kuliendesha chemko kadiri wachezaji walivyohimili. Kwa hiyo kinachosikika katika rekodi ni muhtasari wa kilichopigwa ukumbini.

Tanzania ya wakati huo haikuwa na kiwanda cha kutengeneza santuri. Radio Tanzania Dar es Salaam ilirekodi bendi katika studio yake kwa ajili ya matangazo, na kwa njia hiyo nyimbo zilifika vijijini ambako santuri haikufika. Lakini aliyetaka santuri iuzwe alitegemea makampuni ya Nairobi. Njia ya Mbaraka kwenda Kenya, basi, haikuwa safari ya starehe. Ilikuwa sehemu ya kazi. Mapema mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipokuwa ikivunjika, Tanzania iliufunga mpaka wake na Kenya, na haukufunguliwa hadi mwaka 1983. Mbaraka alifariki Mombasa katikati ya kipindi hicho. Nchi mbili zilizokuwa hazipitishiani magari zilimlilia mtu mmoja, na baada ya kifo chake ni kampuni ya Polygram ya Nairobi iliyozikusanya rekodi zake katika mfululizo wa santuri ulioitwa "Ukumbusho".

Mfululizo huo umefanya kazi kubwa ya kuhifadhi, lakini unadhihirisha pia udhaifu wa nafasi ya mtunzi. Alikuwa na wasikilizaji katika nchi mbili au zaidi, ilhali kanda zake za redio zilikuwa katika ghala la nchi moja na santuri zake katika soko la nchi nyingine. Kaseti zilipoenea, nyimbo zilinakiliwa na kuuzwa mitaani bila mtunzi wala warithi kuhesabiwa. Tanzania ilipata Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki mwaka 1999, miaka ishirini baada ya kifo cha Mbaraka. Kwa kizazi chake, wimbo ulikuwa kama maji ya mtoni: kila mtu aliyachota, na mwenye chemchemi hakuulizwa.

6.0 Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba nyimbo za Mbaraka Mwinshehe ziliundwa na mambo manne yasiyotenganika: mji wa mkoani wenye hadhira ya lugha nyingi iliyohitaji Kiswahili cha wazi, mila ya mashindano ya vyama iliyorithiwa kutoka katika beni, kipaji cha mtu aliyekuwa mwimbaji na mjibuji wa wimbo wake mwenyewe, na vyombo vya usambazaji vilivyoukata wimbo mahali pale pale ambapo maneno yalimwachia gitaa usukani.

Kutokana na hayo, mambo mawili yanawahusu wanafunzi wa fasihi ya Kiswahili moja kwa moja. La kwanza ni la nadharia. Ubishi kuhusu vina na mizani hauwezi kukamilika ikiwa tungo zilizosikilizwa na watu wengi zaidi katika karne ya 20 hazimo katika mizani inayopimwa. La pili ni la vitendo. Ikiwa wimbo ni sauti, basi nakala ya maneno haiwezi kuwa hifadhi yake. Kanda zilizorithiwa kutoka Radio Tanzania, ambazo zimo chini ya Shirika la Utangazaji Tanzania, ni maktaba ya fasihi kwa maana kamili ya neno hilo, na utepe wa sumaku huzeeka upesi kuliko karatasi. Chuo kinachotunza miswada ya tenzi kwa uangalifu hakina sababu ya kuiacha hazina hii kwa mafundi mitambo peke yao.

Jogoo wa Morogoro aliwika mjini, akasikika Osaka na Mombasa. Kusikika kwake kesho kunategemea kama wapo watakaoitunza sauti yenyewe, na si maneno yake tu.